Kipindupindu Haiko Kolera

Mwaka ile mvua ilipita kipimo, kolera ikatoka Bukama ikapanda treni. Si minyi ninasema. Ni Edmond njo alisema, na Edmond alikuwa na jilé, kizibao ya rangi ya machungwa, na megafoni, tulipaswa kumusadiki. Alikuwa reko ya avenue yetu, njo kusema ule muntu yenye bantu ba afya banamutuma kuzunguka ku manyumba na kuambia bantu mambo yenye habataki kusikia.

"Ba mama, ba papa! Kolera iko karibu! Mukunywe maji ya kutokota! Munawe mikono!"

Tulikuwa tunamusikiliza vile banasikiliza muntu mwenye kuuzisha dawa ya panya: kwa heshima, na mikono inaendelea na kazi.

Juu kolera tulikuwa tunaijua, na tulijua ni ya nani. Kolera iko ya bantu ba Bukama na ba muto Lualaba, bale banalala juu ya maji na kula samaki asubui, muchana na magaribi. Sisi pa Kamina tuko bantu ba reli na ba masomo. Jirani yangu Papa Lazare, muzee ya kanisa ya Méthodiste, alikuwa karani ku masomo myaka makumi tatu, na alikuwa anaelezea ile mambo muzuri kupita bote.

"Kolera inatafuta bantu ba bila choo," asema. "Huku kila muntu iko na choo yake."

Ilikuwa kweli. Choo yake ilikuwa hatua kumi na mbili toka ku kisima yake. Nilihesabu minyi mwenyewe, na miguu yangu ni mifupi.

Na kisima ya Papa Lazare njo ilikuwa kisima yetu bote, juu ni ile moja tu ku avenue yenye haikauke. Ku nyumba yangu mulikuwa Noémie, mutoto ya mutoto yangu, na mimba ya myezi munane. Alikuwa anakunywa maji sawa udongo ya kiangazi. Nilimuambia atokotese. Akajibu, "Kambo, moshi inaniuma macho. Na ile kolera iko ya Bukama."

Alisema vile kwa minyi. Kwa minyi, mwenye nilipokea mama yake Tshiala toka Bukama, amefungwa mu mukeka. Tshiala alienda kule kuuzisha bitambaa. Kolera ilimumaliza, ata siku mbili haikufika. Noémie alikuwa mutoto ya kubeba mu mugongo. Pa kilio bantu baliponiuliza, nilisema: malaria. Malaria ni lufu ya heshima, ata wakubwa banakufwa nayo. Kolera ni lufu yenye inafanya bantu baende kuangalia choo yako. Nilisema malaria siku ile, kesho yake nikasema malaria, na nikaendelea vile mpaka Noémie akakomaa.

Basi, siku moja Edmond alikuya na karatasi kubwa, akaibandika ku ukuta ya Papa Lazare. Kulikuwa picha ya papa moja amekamata tumbo, macho imeingia ndani. Chini yake maandiko kubwakubwa: JIKINGE NA KIPINDUPINDU! NAWA MIKONO KWA MAJI TIRIRIKA NA SABUNI.

Ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili ya mbali, yenye kuvaa koti. Avenue yote ilikuya kuangalia.

"Edmond," bibi ya Papa Lazare, Mama Léonie, akauliza, "kipindupindu ni nini?"

"Ni ugonjwa, Mama."

"Ile tunaona. Ule papa ku picha haiko anacheza. Ni ugonjwa gani?"

Edmond akazungusha megafoni mu mikono yake. "Balinipa karatasi tu. Habakunielezea."

Papa Lazare akavaa miwani. Bantu bakamufungulia njia.

"Jikinge," akasoma. "Neno hii inatoka ku kinga." Na kwetu, kinga ni ile ya kupanda, ya magurudumu mbili. "Asema: ukiona kipindupindu, panda kinga yako ukimbie."

"Na mwenye hana kinga?"

"Mwenye hana kinga anawe mikono. Na Tiririka." Akaangalia karibu. "Ile ni maji ya chupa. Ya Lubumbashi. Huku haijafika."

Bantu bakatikisa vichwa. Kiisha Mama Léonie akanigeukia minyi. "Mama Mauwa, weye ulisoma Kiswahili ya Biblia mpaka mwaka ya tano, cinquième primaire. Hii kipindupindu ni nini?"

Sikuwa ninajua. Muntu mwenye akili angesema: sijui. Lakini ile neno haijatoka mu kinywa yangu tangu nilipoota meno, na sasa meno imeisha, haina kwa kupitia. Niliangalia Noémie. Alikuwa amesimama pembeni na kopo mu mukono, maji ya kisima, mubichi, kopo ya tatu tangu asubui.

"Eh, Vidye wami, Mungu wangu," nikasema pole pole. "Kumbe imefika huku."

Bote bakakaribia.

"Iko kipindu mbili, njo maana banaiita vile. Kipindu ya kwanza inakupindua weye: ya mu tumbo inakuya inje, macho inaingia ndani. Kipindu ya pili inapindua nyumba: mwenye alikuosha, mwenye alikulilia, mwenye alikula bukari pa kilio yako bila kunawa."

"Inapitia wapi?" Mama Léonie akauliza, mukono ku kifua.

"Ku maji mubichi. Ku mikono yenye imetoka choo. Ku chakula yenye nzi ilionja mbele yako."

"Na dawa?"

"Maji ya kutokota. Kloro mu kisima. Sabuni, ao majivu. Na musiite jina yake ovyo ovyo."

Ile ya mwisho niliiongeza juu ya utamu, sawa vile banaongeza chumvi mu mboga ya sombe. Ile ingine yote, Edmond mwenyewe alikuwa ameipigia kelele mu megafoni myezi mbili.

Edmond akanisogelea. "Mama Mauwa, lakini ile yote si njo mambo ya kole—"

"Edmond, weye unaijua kipindupindu?"

"Hapana, Mama."

"Basi."

Siku ile moshi ilitoka ku kila lupango, ku kila kiwanja, sawa treni kumi zinataka kuondoka. Bantu baliweka majivu na bidon ya maji ku mulango ya choo. Papa Lazare, mwenye alikuwa anafukuza Edmond asema kloro ni ya kufulia mashuka, alituma muntu mara mbili kumuita. Edmond akakaa ku kisima na ile sindano yake yenye haina ncha, kila bidon yenye kutoka anaitilia kloro. Na Noémie alitokotesha maji. Aliitokotesha mara mbili, juu kipindu iko mbili.

"Kambo," akaniuliza, macho inatoka machozi ya moshi, "ya mara ya pili ni ya nyumba?"

"Ya nyumba, mama."

Nililala muzuri myezi nzima. Uongo yenye kufanya kazi haisumbue muntu usingizi.

Jina yenyewe ilikatazwa kabisa. Bantu balikuwa banasema "ile ya ku ukuta". Kolera, ile ya kawaida, hakuna mwenye alikuwa na wakati yake tena.

Kiisha akakuya mademoiselle Lise, toka Lubumbashi, na tablete mu mukono na viatu yenye haikujua matope yetu. Alitumwa kuuliza bantu banajua nini juu ya ugonjwa na banaogopa namna gani. Alianzia kwa Mama Léonie. Nilikuwa pale ninachambua maharagi.

"Mama, je, umewahi kusikia kuhusu kipindupindu?"

Mama Léonie akafunga kinywa, akatikisa kichwa mara tatu.

"Ni ndiyo?"

"Ni ndiyo," nikamusaidia. "Anaheshimu."

"Unaona hatari yake ni ndogo, ya katikati, ao kubwa?"

Mama Léonie akafungua mikono mpaka mwisho.

Lise akafurahi. Alikuwa anagusa tablete sawa muntu anapukuchua mahindi. Unanawa mikono? Ndiyo. Unatia kloro? Ndiyo. Ulijua wapi? Mama Léonie akanionyesha na kidole. Mademoiselle akasema, "Nyumba kumi na moja, bote bamejibu muzuri! Mu mji yote sijaona avenue sawa hii."

Angeenda pale pale, mambo ingebakia muzuri. Lakini Mama Léonie alikuwa na roho ya kupokea bageni, alitaka kumupa kitu ya ziada.

"Iko muzuri ni ile ya ku ukuta," asema. "Kama ingekuwa kolera tu, tusingejisumbua."

Kidole ya Lise ikabakia juu. "Kolera tu?"

"Eh. Ile tunaijua. Ile haina mambo."

Lise akaangalia tablete. Nafikiri hakukuwa fasi ya kuandika ile jibu. Aliniangalia minyi. Minyi niliangalia maharagi.

Siku ya yenga, njo Jumapili, kiisha ibada, nilimuona mu lupango ya kanisa, anangojea bantu batoke. Nikamukamata mukono.

"Mutoto yangu, unataka kusema nini?"

"Kuna kosa ndogo, Mama. Bantu banafikiri ni magonjwa mbili."

"Acha bafikiri."

"Mama, kazi yetu ni kupatia bantu kweli."

"Kweli Edmond alituletea myezi mbili, ku kila mulango. Hakuna mwenye aliifungulia. Uongo alikuya amevaa koti, tukamupa kiti."

Alinichekea muzuri, na heshima yote. Alikuwa mutoto mwenye malezi. Kiisha akapanda ku ngazi ya kanisa na akasema, "Bandugu bapenzi, kipindupindu njo kolera. Ni ugonjwa moja, majina mbili."

Nilisikia jogoo ya pasta.

Papa Lazare njo alianza. "Kolera?"

"Ndiyo, Papa. Kolera."

"Ile ya Bukama?"

"Ndiyo, lakini iko hatari kabi—"

Hakumaliza. Kicheko ilitoka sawa mulango imevunjika. Bantu balikuwa banashikana mabega. "Kolera tu! Vidye wangu, kolera tu!" Papa Lazare akapangusa miwani. "Mwezi muzima ninakunywa javel, ile kloro, juu ya kolera! Mama Mauwa, weye ungezaliwa mwanaume, ungekuwa deputé!"

Lise alikuwa anapandisha mikono, anaelezea, anaelezea. Muntu mwenye boga, njo woga, imemutoka hasikie kitu.

Pale njo nilifanya kitu yenye sikuwa nimefanya ata siku moja. Nilipanda ngazi pembeni yake, nikasema kwa nguvu:

"Munisikilize. Kolera ilimuua mutoto yangu. Tshiala hakufwa na malaria. Alikufwa na kolera, kule Bukama, na minyi nilibadanganya juu ya kuona haya."

Bakaniangalia sawa vile banaangalia mwenye kuchezesha bantu, kuona kama anaweza kupita pale. Mama Léonie akasema pole, bila ubaya, "Mama Mauwa, pa kilio ulituambia malaria. Mwezi yenye imepita ulituambia kipindupindu. Leo kolera. Kesho Tshiala atakufwa na nini?"

Na bakacheka tena. Wafwako, ole yangu, nilijifundisha siku ile bei ya michezo yangu yote.

Noémie hakucheka. Alitoka mu bantu, akakuya mpaka chini ya ngazi.

"Kambo, chezesha bantu bote. Mama yangu, hapana."

Akaenda. Nilimufuata na hii magoti yangu. Nilifika ku kisima wakati alikuwa ametosha maji. Edmond hakukuwa, Papa Lazare alikuwa ametangulia na amemuambia achukue sindano yake aende. Noémie alijaza kopo, akaniangalia mu macho, akakunywa. Akajaza tena.

Usiniulize kama nililia. Nilimuuliza Edmond: "Muntu akikunywa maji mubaya, siku ngapi?"

"Mara mingi mbili, tatu. Ikipita tano, haikumushika."

Ile siku mbili za kwanza nilikuwa ninamufuata Noémie mpaka choo. Anatoka, ananikuta nimesimama. "Kambo, unataka nini?" "Ninapunga upepo." "Ku choo?" Sikumuambia kitu ingine. Maji ya kutokota nilikuwa ninaitia mu bidon yake wakati amelala, kiisha ninaipoza, kiisha ninaitikisa mpaka harufu ya moshi itoke, asijue. Njo vile niko: ata kweli ninaipitisha mulango ya nyuma.

Siku ya tatu, jua haijapanda, nilisikia Mama Léonie anapiga kelele ku lupango yao.

"Mama Mauwa! Mama Mauwa! Papa anapinduka!"

Nilimukuta Papa Lazare chini, mbele ya choo yake ya heshima. Ile yenye ilikuwa inamutoka ilikuwa maji tupu, nyeupe sawa maji ya muchele. Uso yake toka magaribi mpaka asubui ilikuwa imeongeza myaka kumi. Niliijua ile uso. Nilichanganya sukari na chumvi mu maji ya kutokota, vile Edmond alitufundisha bila kusikilizwa, nikamukunywesha kijiko kwa kijiko mpaka Edmond alifika na moto, ile pikipiki. Tulimuweka katikati, Edmond mbele, minyi nyuma nimemukumbatia. Mama Léonie akafuata na moto ingine. Njiani Papa Lazare akanong'ona ku sikio yangu.

"Mama Mauwa."

"Papa."

"Usiambie bantu."

"Bakiniuliza niseme nini?"

"Sema malaria."

Ningecheka, lakini nilikuwa ninamushika na mikono mbili. "Malaria hainuke vile, Papa."

Ku tenti ya bagonjwa ba kolera balimulaza ku kitanda yenye tundu katikati na ndoo chini. Karani ya masomo, muzee ya kanisa, juu ya tundu. Infirmier, muuguzi mwenye mabuti, akamutia maji ya seromu mu mikono yote mbili, kiisha akakamata fishi yake, karatasi ya bagonjwa, anaandika na kusema kwa sauti: "Mwanaume. Myaka sabini na moja. Kolera."

Papa Lazare akafungua jicho moja. "Futa."

"Papa?"

"Ile neno. Futa. Andika kipindupindu."

"Papa, ni kitu moja."

"Kama ni kitu moja," asema, na sauti haikukuwa tena, ilikuwa pumzi tu, "andika yangu."

Infirmier aliniangalia. Nikamutikisia kichwa. Aliandika, alikuwa na bagonjwa bengine makumi mbili ya kuangalia.

Seromu ilipita chupa nyingi. Siku mbili nilikuwa ninaenda ku tenti asubui na kurudia kuangalia Noémie. Siku ya tano ya Noémie ilifika. Aliamuka, akaomba muhogo, akakula, akalalamika juu ya mugongo. Niliingia ndani nikafunga mulango nikakaa juu ya kitanda kidogo. Kiisha nikatoka, nikamuambia anafagia mubaya.

Siku ile ile Papa Lazare alirudi, miguu yake imekuwa sawa ya korongo. Avenue yote ilikuya kumusalimia kwa mbali. Lise pia alikuya, na tablete yake. Alikuwa amesikia, na uso yake haikukuwa ya muntu mwenye alilala. Edmond alikuwa amebeba kiti ya Papa. Akakaa. Akavaa miwani.

"Bandugu," asema, "juu ya heshima ninapaswa kuelezea. Siku ile ku kanisa mademoiselle alijidanganya. Si kosa yake, iko mutoto. Kolera ninaijua. Kolera iko ya Bukama, haiwezi kushika muntu ya reli ao ya masomo. Yenye ilinishika minyi," akapandisha kidole, "ni kipindupindu. Iliandikwa ku fishi. Bana yangu, maandiko haidanganye."

"Eeeeh!" bantu bakasema, na nilisikia boga yao inarudia, pole pole, sawa maji mu kisima kiisha mvua.

Edmond akafungua kinywa. Nikamukanyaga muguu. Niliangalia Lise. Aliniangalia, akaangalia bantu, akaangalia kisima. Kiisha akafunga tablete, akaiweka mu sakosi yake ya begani. Njo siku nilijua alisoma kweli.

"Edmond!" Papa Lazare akaita. "Sindano iko wapi? Kuanzia leo hakuna bidon yenye kutoka hapa bila kloro. Nitakaa minyi mwenyewe. Na ile choo, tutachimba ingine, kule nyuma, mbali."

Mama Léonie alikuwa ametangulia kutafuta jembe.

Noémie alichota bidon, Edmond akaitilia kloro, Noémie akaingojea nusu saa vile inapaswa, akaileta ku nyumba. Nilimufuata. Aliketi ku mulango, mikono ku tumbo.

"Kambo. Mama alikufwa na nini?"

"Kolera."

"Ile ya Bukama ao ile ya Papa Lazare?"

"Ni moja, mama. Iko moja tu."

Aliangalia bantu kule ku kisima, banapanga mustari, Papa Lazare juu ya kiti anabapigia kelele banawe. Kiisha akainamisha bidon, akajaza kopo, akainusa.

"Inanuka javel."

"Eh. Inanuka."

Akakunja uso yote, akafunga macho, akakunywa.